Gari la Matope Lililoogopa Matope

Shukrani zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Aliyetutiishia vipando vya bara na vya bahari, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Nimelaumiwa mwezi huu mbele yangu na nyuma yangu, barazani, msikitini na hata arusini, kwa kuwa nimekataa kwenda kusoma dua juu ya gari jipya la mtu mmoja katika jamaa zetu. Wengine wamesema nina wivu. Wengine wamesema nimebadili madhehebu uzeeni, na kuwa sasa naona dua ni bidaa. Mmoja, Mwenyezi Mungu amsamehe, amesema sikupewa bahasha ya kutosha. Maneno yamekuwa mengi, na kunyamaza kwangu kila mtu akufasiri apendavyo, basi nimeona niyaandike hapa, ili anilaumuye anilaumu kwa nililolisema, si kwa alilolidhani.

Mwenye gari sitamtaja, wala mji wake sitautaja. Haya yote nilimwambia yeye mwenyewe kwanza, nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa, kabla sijashika kalamu. Asiyemjua asimtafute, na amjuaye amfiche, kwani ghiba ni haramu hata kama yanayosemwa ni ya kweli, bali ghiba ni hiyo hiyo ya kweli. Gari nitalitaja, maana chuma hakina heshima ya kuvunjiwa. Ni Range Rover.

Nianze kwa kukiri jambo ambalo wanilaumuo wamelisahau: dua ya gari la kwanza la bwana huyu niliisoma mimi. Nililishwa biriani, nikafukizwa udi, nikapandishwa kiti cha mbele, tukauzunguka mji. Wallahi lilikuwa gari zuri. Halina kishindo, na ukipita juu ya shimo huhisi ila kama mtu aliyekaa juu ya mto wa pamba. Tulipopita mbele ya msikiti na watu wamekaa nje wakingojea Alasiri, niliona nafsi yangu yavimba, nikanyosha shingo ili nionekane. Imepokewa katika tarehe kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sham alipandishwa farasi wa kifahari, na farasi yule akaanza kwenda kwa maringo, Umar akashuka pale pale, akataka arudishiwe kipando chake cha kwanza, kwa sababu aliona kiburi cha mnyama chataka kumwingia mpandaji. Umar alishuka. Mimi sikushuka, bali tuliuzunguka mji mara ya pili.

Kwa hivyo asinijie mtu na maneno kuwa sheikh achukia vitu vizuri. Katika Suratun Nahl Mwenyezi Mungu atukumbusha neema ya farasi, nyumbu na punda, kuwa ni vya kupandwa na ni pambo pia, kisha asema kuwa aumba na tusivyovijua. Pambo limetajwa wazi. Lakini tazama mpango wa maneno: kupandwa kumetangulia, pambo likafuata.

Na tulijue gari lenyewe asili yake, kwani wengi walipandao hawaijui, na lau wangeijua wangeona haya.

Mwaka 1948, Waingereza wakiwa wametoka vitani na chuma cha bati kikitolewa kwa kipimo, Maurice Wilks wa kiwanda cha Rover, aliyekuwa na shamba huko Anglesey katika nchi ya Wales, aliwatolea wakulima gari la kazi, Land Rover, na bodi yake ikafanywa kwa alumini kwa ajili ya uhaba ule. Wazee wenzangu mwalikumbuka. Lilikuwa gari la D.C., la polisi, na la daktari wa kuzungukia vijiji. Liliitetemesha mifupa, na mwenye mgongo mbovu alishuka analia, lakini lilifika.

Halafu, mwezi wa Juni 1970, kiwanda hicho hicho kikatoa Range Rover. Waliolibuni ni wahandisi Spen King na Gordon Bashford, na David Bache akalinyosha umbo lake. Waliitazama Land Rover wakasema: inafika, lakini inaumiza, je, haiwezekani gari moja lilime njia ya matope siku ya kazi, na likimbie barabarani bila ya kumvunja mtu? Wakatia injini ya V8 ya lita 3.5, ya alumini, ambayo asili yake ni ya Buick ya Marekani. Wakaziacha springi za vyuma vya kulaliana kama za lori, wakatia springi ndefu za koili, ili gurudumu liweze kushuka shimoni na kupanda jiwe bila ya kuuacha udongo. Kwani gurudumu lililo hewani halivuti kitu. Wakafanya magurudumu yote manne yavute wakati wote, wakatia na breki za diski kote kote, jambo ambalo magari mengi ya fahari ya siku zile hayakuwa nalo. Likaweza kukimbia kiasi cha kilomita 150 kwa saa, na ukitia gia zake ndogo za nguvu, likatambaa kama kobe juu ya mawe.

Na ndani lilikuwaje? Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Ndani viti vilikuwa vya plastiki ya kupanguswa, na sakafu ilifanywa ili ioshwe kwa mpira wa maji. Ndivyo walivyolikusudia waliolibuni: mtu aingie na viatu vya matope, apakie kondoo mgonjwa, kisha aoshe. Huko kwao Uingereza wengine waliligeuza likawa gari la wagonjwa, na wengine wakalirefusha likawa gari la kuzima moto katika viwanja vya ndege. Gari hili hili ambalo leo mtu akikaa nalo amvua mtoto viatu kabla hajampandisha!

Uwezo wake haukuwa wa kusimuliwa tu. Mwishoni mwa mwaka 1971 Waingereza chini ya John Blashford-Snell waliondoka Alaska na Range Rover mbili, wakashuka mpaka ncha ya kusini ya bara la Amerika mwaka 1972. Baina ya Panama na Kolombia pana msitu na vinamasi vya Darién ambavyo havina barabara hata leo. Pale peke yake walichukua kiasi cha siku 100, wakikata miti, wakivusha magari juu ya mashua za mpira, difu zikivunjika na kutengenezwa porini. Na mwaka 1981 Mfaransa René Metge alishinda nalo mashindano ya kutoka Paris mpaka Dakar, akipita katika michanga ya Sahara.

Kisha tajiri akalipenda, na tajiri akipenda kitu hakiachi kama alivyokikuta. Mwaka 1981 likatiwa milango minne, kwani lilikuwa na miwili. Mwaka wa pili yake likatiwa giaboksi ya kujibadilisha yenyewe. Ndugu zetu walioko Ghuba wajua kuwa katika miaka ya 1970 na 1980 palikuwa na mafundi Uingereza ambao kazi yao ilikuwa kuyakata na kuyarefusha magari haya kwa ajili ya wateja wa Kiarabu, mengine yakafanywa ya magurudumu sita, mengine yakatolewa paa kwa ajili ya kuwindia na vipanga. Plastiki ikaondoka, ngozi ikaingia. Siku hizi lina friji baina ya viti, na viti vyenyewe vyakukanda mgongo.

Lakini, na hii ndiyo hoja yangu ambayo wanilaumuo hawakuisikia, gari halikudhoofika. Mtu aweza kudhani kuwa kwa kuwa limevishwa hariri limepoteza nguvu za shamba. Sivyo. Mwaka 1992 lilitiwa springi za hewa, na leo likikwama tumbo lajiinua lenyewe juu ya tairi zake. Dereva ana kidude cha kuzungusha, achague majani na theluji, au matope, au mchanga, au mawe, na gari likajipanga kwa hicho alichokichagua. Limekuwa na uzani wa kiasi cha tani 2 na nusu, na bado laweza kuingia maji ya kina cha sentimita 90, yaani maji ya kiunoni kwa mtu wa kadiri. Kila mwaka uwezo wa gari wazidi, na kila mwaka hamu ya mwenyewe ya kuutumia uwezo ule yapungua. Amenunua gari liwezalo kuvuka mto, na akiona dimbwi mbele ya duka la mkate apita upande mwingine.

Spen King mwenyewe, ambaye amefariki mwaka 2010, aliyaona haya. Mwaka 2004, mzee wa makamo ya themanini, alisema hadharani kuwa hakulikusudia gari lile liwe alama ya utukufu, na kuwa kuwapelekea watoto skuli na kukaa nalo katika msongamano wa mjini ni upumbavu. Alilisema mtu aliyelibuni, wala hakuwa sheikh mwenye wivu.

Sasa niwaeleze usiku wenyewe.

Bwana huyu ana shamba la minazi bara ya mji, kiasi cha kilomita 11 kutoka kwenye lami, na hukaa huko mwisho wa wiki. Ilikuwa masika ya mwaka jana. Usiku wa pili wa mvua kubwa, binti mmoja wa kijiji kile, ambaye babake nilimsomesha Juzuu Amma, alishikwa na uchungu, mimba yake ya kwanza. Mkunga alipoona mtoto amekaa vibaya akasema: huyu apelekwe hospitali sasa hivi, si kesho. Gari la wagonjwa likapigiwa simu, likafika mwisho wa lami, likashindwa kuingia. Njia ya udongo mwekundu ilikuwa imekuwa uji. Watu wakakumbuka kuwa gari la kuvukia uji liko papo hapo, hatua mia mbili, limelala chini ya turubai lake.

Wakabisha lango. Bawabu akaingia, akatoka na jibu: bwana asema viti ni vya ngozi, rangi ya maziwa, damu haitoki, na miti ya njiani itakwaruza rangi. Lakini atawapa pesa ya bodaboda. Na kweli akawapa, tena zaidi ya nauli. Wiki mbili nyuma gari lile lile lilikuwa limetolewa bure kumchukua bi arusi wa kijiji jirani, limefungwa utepe na maua, na njia ilikuwa kavu. Bwana huyu si bahili, nashuhudia hivyo. Kwa arusi lilitoka.

Binti akapandishwa pikipiki, dereva mbele, dadake nyuma amemkumbatia. Walianguka mara moja. Palipokuwa hapapitiki kabisa wanaume walimchukua kwa kitanda cha kamba. Walipofika hospitali ilikuwa alfajiri. Mama alipona, alhamdulillahi. Mtoto, wa kiume, tulimzika mchana wake, na mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea.

Sisemi kuwa gari lile lingempa uhai. Umri wa mtu uko kwa Mola wake, hauzidishwi na V8 wala haupunguzwi na pikipiki. Nasema kuwa tumeamrishwa kushika sababu, na sababu ilikuwapo, imefunikwa turubai.

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), Mtume (S.A.W.) amewagawanya wenye farasi mafungu matatu. Wa kwanza, farasi wake ni thawabu kwake, kwani amemweka kwa njia ya Mwenyezi Mungu, hata nyasi alizokula na nyayo alizokanyaga zaandikwa mema. Wa pili, farasi wake ni stara kwake. Amemfuga ajitosheleze asiwaombe watu, lakini hakuisahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyo katika shingo yake na mgongo wake. Wa tatu amemfuga kwa fahari na kujionyesha, huyo farasi wake ni mzigo wa dhambi. Ewe msomaji, zingatia yule wa pili, kwani ndiye sisi sote tutakaokimbilia kwake. Huyu hakupigana jihadi wala hakutoa wakfu. Amefuga farasi kwa haja yake. Lakini mgongo wa farasi una haki ndani yake, na wako wanavyuoni walioieleza haki hiyo kuwa ni kumpandisha asiye na kipando akikwama. Na katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.), wamo safarini akatokea mtu juu ya ngamia wake, akigeuza macho kulia na kushoto, Mtume (S.A.W.) akaamrisha kuwa mwenye ziada ya kipando amrudishie asiye nacho. Mtu yule hakusema neno. Macho yake yalitosha. Sisi lango letu limebishwa kwa mikono miwili na hatukufungua.

Na Suratul Maun twaisoma kila siku kwa kuwa ni fupi. Wanavyuoni walipouliza hiyo maun inayozuiliwa ni nini, Ibn Masud (R.A.) alitaja vitu vya jirani kuazimana jirani: chungu, shoka, ndoo. Ikiwa ole imewekwa juu ya ndoo, je, juu ya gari?

Sasa nijibu maneno yao.

Wasema: Mwenyezi Mungu apenda kuiona athari ya neema yake juu ya mja wake. Twajibu: ndiyo, Hadithi ipo. Lakini athari ya neema ya gari hili ni ipi? Athari ya maji ni kiu kuondoka, na athari ya taa ni giza kuondoka. Gari liliundwa kuvuka matope, basi athari yake ni matope kuvukwa. Kung'aa ni athari ya sabuni, na hiyo yapatikana hata kwa baiskeli.

Wasema: Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri. Twajibu: kweli, na Hadithi hiyo hiyo, mtu alipouliza juu ya nguo nzuri na viatu vizuri, ilieleza kuwa kiburi si nguo wala viatu, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mimi simlaumu mtu kwa viti vyeupe. Namlaumu viti vilipowekwa mizanini na mwanamke mwenye uchungu, vikawa vizito kuliko yeye.

Wasema: ni mali yake, na alitoa nauli. Twajibu: nauli ilikuwa nyepesi kwake, na pikipiki ndiyo iliyokuwapo, haikuletwa na nauli ile. Mwenye pesa akitoa pesa mahali palipotakiwa gari, ametoa kile kisichomuuma. Na hayo ya kuwa sehemu ya mali hiyo ni mkopo wa riba, ni mlango mwingine. Nimekwisha kuuandikia, leo siufungui.

Wasema: sheikh apanda tuktuk, ndiyo maana asema. Twajibu: napanda, na maji huingia. Lakini nimekwisha kusema kuwa nilikaa kiti cha mbele nikanyosha shingo. Basi kama ni wivu, nilikuwa na nafasi ya kuushibisha. Linalonikera hasa ni dua yangu. Niliomba siku ile gari liwe la heri kwa mwenyewe na kwa jirani zake, watu wakaitikia amin, yeye akaitikia kwa sauti kuliko wote. Mdomo uliosema amin kwa jirani ndio uliotuma jibu langoni.

Nilipomwendea aliinama, akasema: Sheikh, sikujua kuwa hali ilikuwa mbaya kiasi kile. Nilimwamini. Hakujua kwa sababu hakutoka kutazama. Miezi michache baadaye akanunua jipya, refu kuliko lile, viti ni vyeupe zaidi, na akanitumia mjumbe na siku ya maulidi na dua.

Sikumkatalia moja kwa moja, na hili ndilo wasilolisema barazani. Nilimpelekea masharti matatu. Viti vya nyuma vivikwe plastiki, ile ile ya mwaka 1970, na ikiwa jirani zake wa mjini watacheka, wacheke. Ufunguo wa pili ukae kwa bawabu, pamoja na ruhusa isiyohitaji bwana kuamshwa. Na nambari ya simu ya dereva ibandikwe ukutani katika msikiti wa kijiji kile, palipo na saa za sala. Hayo yakiwa, mwenye gari asiniletee bahasha wala biriani. Nitakwenda na tuktuk mpaka mwisho wa lami, na hapo ndipo nitakapotaka nije nichukuliwe na gari lenyewe, masika, kwa njia ile ile.

Mjumbe alirudi mara moja kuuliza kama plastiki yaweza kuwa ya rangi nyeupe. Nilimjibu kuwa yaweza. Tangu hapo sijasikia neno, na mvua za masika zaingia Machi.